Kifundo Nilichokataa Kuvuta

Tulianza kwa kugombana, mimi na Madamu, na kilichotugombanisha ni hita.

Nilikuwa na miezi mitatu tu tangu niajiriwe kutunza jengo la kanisa moja la mawe hapa Parkdale, mtaa wa Toronto. Kazi yenyewe haina siri: kufagia, kusukuma theluji mlangoni, kubadilisha taa, kuwafungulia mafundi, kupigana vita na panya ambao hawajui kushindwa. Jumapili asubuhi kanisa ni la wenyewe, wazee wa Kizungu hamsini hivi pamoja na kofia zao. Jumamosi alasiri tunalikodi sisi wa ibada ya Kiswahili, Warundi na Wakongo wengi, na Watanzania wachache wa kutusahihisha tunapoongea. Basi Jumamosi moja ya Februari baridi ilikuwa ile ya kung'ata masikio. Akina mama wa kwaya wamekaa na makoti yao, wanatetemeka, hata "Amina" inatoka na mvuke. Mke wangu, ambaye anaimba sauti ya pili, akanigeukia akanitazama kwa lile jicho ambalo waume wote wanalijua. Nikaenda kwenye kisanduku cha joto ukutani, nikapandisha kutoka nyuzi kumi na nane hadi ishirini na nne. Tukaimba, tukacheza, tukatoka jasho, tukaenda zetu nyumbani. Kushusha nikasahau.

Kesho yake asubuhi Madamu, mcheza kinanda wa Jumapili, alipogusa kinanda, toba! Lazima nieleze hapa, maana ukisema kinanda watu wanafikiria kile cha umeme cha kubeba kwapani. Hiki ni kinanda cha mabomba, kimejengwa ndani ya ukuta, juu kwenye roshani nyuma ya kanisa. Mabomba yake ni mengi kuliko waumini, mengine marefu kama nguzo za umeme, mengine madogo kama penseli. Kila safu ya mabomba ina kifundo chake cha mbao. Ukikivuta, safu ile inapata pumzi na kusema; ukikisukuma, inanyamaza. Sasa joto likipanda, mabomba ya namna moja hupandisha sauti na ya namna nyingine hubaki yalipokuwa. Siku ile ilikuwa kama harusi mbili zimekutana njia moja, kila moja na tarumbeta zake.

Ibada ilipokwisha alishuka ngazi. Bibi mfupi, miaka themanini kasoro kidogo, nywele nyeupe zimekatwa kama za mwanafunzi, miguuni viatu vyeusi vya ngozi laini. Akauliza kwa Kiingereza ni nani aliyegusa joto. Nikamjibu kwa Kifaransa, kwa sababu mimi ni mtoto wa Bujumbura, na nilitaka hasira yangu imfikie nzima.

"Mimi. Watu walikuwa wanakufa kwa baridi. Kati ya watu na mabomba, Madamu, wewe ungechagua nini?"

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Watu wana makoti," akasema. "Mabomba hayana."

Nilitaka kucheka nikakumbuka nimekasirika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mke wangu husema naziweka mfukoni pamoja na funguo. Lakini yule bibi hakuwa amenidharau. Alinijibu mtu kwa mtu, na katika kazi kama yangu hilo halitokei kila siku. Tukapatana palepale: Jumamosi nyuzi ishirini na moja, na wa mwisho kutoka ashushe. Jumatatu nikakuta amebandika karatasi juu ya kisanduku cha joto. Amechora bomba limevaa koti.

Mwanzoni nilimwita Mama, kwa heshima tu, kama ninavyomwita kila mwanamke wa umri ule. Akashtuka. "Mimi sijakuzaa," akasema. Basi ikawa Madamu, na yeye akaniita Mesye, yaani Bwana kwa Kifaransa, kama tuko kwa balozi, hata pale tulipokuwa tumeinama wote wawili tunatafuta penseli yake chini ya benchi.

Alikuwa anakuja Jumatatu na Alhamisi asubuhi, kufanya mazoezi na kuandika muziki wake. Alikuja na chupa ya kahawa nzito kama lami. Mimi nilipanga siku zangu za kufuta vumbi roshani ziwe hizohizo, na simfichi mtu, ilikuwa kwa ajili ya kahawa na hadithi. Mke wangu alianza kunichokoza: "Yule mke mwenzangu wa ghorofani hajambo?" Hajambo, nikamwambia, anakusalimu.

Hadithi zake alizisimulia bila kujihurumia hata chembe. Alizaliwa katika mji mdogo mashariki ya Ufaransa, baba yake fundi viatu. Alipojaribu kinanda cha parokia mara ya kwanza, padri alisema miguu ya msichana huyu ni mifupi mno. Kinanda hiki huchezwa kwa miguu pia, chini kuna safu nzima ya mbao za kukanyaga, kila moja na sauti yake. Baba yake hakubishana na padri. Alirudi nyumbani akamshonea binti yake viatu vya kisigino kirefu na soli nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na Jumapili iliyofuata miguu ikafika. Tangu hapo hajawahi kucheza na kiatu cha namna nyingine. Vile alivyovaa siku ya ugomvi wetu vilishonwa na fundi wa Kitibeti jirani na kanisa, kwa kufuatisha vya baba yake.

Akaenda chuo cha muziki mjini Paris, akashinda tuzo mbele ya wanaume kumi na mmoja. Gazeti liliandika habari zake. Lilieleza gauni lake, rangi yake na urefu wake, likasahau kutaja alichocheza.

"Gauni lenyewe lilikuwa la kuazima," akaniambia. "Sifa zote zikaenda kwa binamu yangu."

Nyimbo alizotunga wachapishaji walizirudisha, mpaka alipoanza kutuma kwa herufi ya kwanza tu ya jina lake. Mmoja akamjibu upesi: Bwana mpendwa, muziki wako una nguvu za kiume. Barua ile alikuwa nayo bado, ndani ya mkoba, anaitoa kama watu wengine wanavyotoa picha za wajukuu. Toronto alikuja kwa kumfuata mume, mhandisi. Mume akarudi Ufaransa na mtu mwingine. Yeye akabaki na kinanda. "Hakikoromi," alisema.

Kazi zake zote zilikuwa ndani ya maboksi ya ndizi chini ya ngazi za roshani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasogeza miezi mitatu nikipiga deki, nikiyalaani kwa uzito wake. Siku moja nilimwomba binti yangu atafute jina lake kwenye simu. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba kuna mistari miwili tu. Nilipomsomea Madamu, akasema mmoja una makosa.

Kati ya maboksi yale lilikuwamo moja jipya kuliko mengine. Ndani yake mlikuwa na kazi aliyoiandika kwa miaka ishirini, nusu saa ya muziki, kwa ajili ya kinanda kile peke yake. Hakuna aliyewahi kuisikia. Angeicheza Novemba, siku ya kuadhimisha kujengwa kwa kanisa. Na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mwenyekiti wa baraza la kanisa, bwana mpole wa tai ya kipepeo, alikuwa ameshamwambia kwa maneno ya sukari kwamba umri ni umri, na kuna mcheza kinanda kijana anatafuta nafasi. Lakini tusifanye haraka, alisema, tutasikiliza kwanza hiyo siku ya Novemba. Madamu alijua maana yake. Akicheza vizuri, kiti ni chake mwaka mwingine. Akikosea, ni maua na asante.

Sasa ikaja Jumatatu moja ya mwezi wa tano. Nashuka kwenye tramu, nafungua mlango wa kanisa, lo! Sauti. Kali, nyembamba, haikatiki, inaingia kwenye jino moja na kutokea kwenye jingine. Nikadhani ni king'ora cha moto. Nikatupa mfuko, nikapanda ngazi mbilimbili nimeziba masikio, nikijiuliza kama bibi wa watu ameanguka. Nikamkuta ameketi kwenye benchi, mgongo umenyooka, penseli mkononi, anaandika. Kikombe kinatoa mvuke. Na juu ya kichwa chake bomba moja dogo limekwama, linalia peke yake kama limefiwa.

"Madamu! Husikii?"

Akageuka taratibu. "Kusikia nini?"

Nikaenda nikazima mashine ya upepo, bomba likanyamaza. Niliporudi alikuwa ameshaelewa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutwa chooni. Nilijuta kuuliza, nilijuta hata kupanda zile ngazi.

"Miaka minne," akasema mwishowe. Kwanza walinyamaza ndege, akadhani wamehama mapema. Kisha simu. Maneno ya watu aliyasikia vizuri, na mabomba makubwa na ya kati aliyasikia vizuri. Ila zile safu za juu kabisa zilikuwa zimeondoka, na hazirudi. Alizijua kwa kumbukumbu tu. Alipoandika nota za juu aliziandika kama mtu anavyomwandikia barua ndugu aliye mbali.

"Utawaambia?"

"Mimi nafagia, Madamu. Baraza haliniulizi habari za mabomba."

Akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akaniuliza ni sauti ipi iliyokuwa inalia. Nikamwimbia, chini zaidi, maana koo langu la teno, sauti ya tatu, haliwezi kufika kule. Akawasha upepo tena, akabonyeza kibao kimoja kimoja sehemu ya chini anayoisikia, mpaka nikamwambia hiyo.

"Sasa niambie ilikuwaje. Si jina la nota. Kuisikia kwenyewe."

"Kama mtu anatafuna kioo! Na wewe umekaa chini yake unakunywa kahawa!"

Akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akachukua penseli, akaandika kitu pembeni mwa karatasi yake, na mimi nikaenda kutafuta mfuko wangu niliouacha mlangoni.

Kuanzia siku ile nikawa masikio yake. Njia yetu ya kufanya kazi ilikuwa hivi. Yeye anacheza roshani, mimi nimesimama chini katikati ya kanisa na fagio. Ana kioo kidogo juu ya kinanda cha kumwonyesha madhabahu. Alikigeuza kidogo kinionyeshe mimi. Fagio juu: safi. Fagio begani: safu za juu zinapiga kelele, punguza. Fagio chini sakafuni: hazisikiki, ongeza. Mtu akiingia ghafla anamkuta mtunza jengo anafagia, ingawa anafagia hewa. Mwenyekiti aliingia siku moja akanikuta nimeinua fagio kama mshika bendera. Nikamwambia buibui.

Nami sikuwa hodari wa kubembeleza. Niliimba kwaya tangu utotoni, Bujumbura na baadaye kambini Kigoma, na masikio yangu hayana adabu. Nikisikia kitu kibaya naweka fagio begani na kukunja uso juu yake. Alipenda. Alisema kwa miaka hamsini watu wamemwambia muziki wake unavutia, na neno hilo watu hulitumia hata kwa mapazia.

Kisha Agosti akacheza ukurasa wa mwisho.

Kazi nzima ilikuwa kubwa, yenye ngurumo, inakwenda na kurudi, na mimi nilikuwa nimeanza kuizoea, hata nikijikuta naifuatisha kwa mluzi ndani ya tramu. Nilitegemea mwisho wa vishindo, mabomba yote wazi, watu wainuke. Badala yake kila kitu kikanyamaza. Ikabaki safu moja, ya mabomba madogo kuliko yote, na ndani yake nota mbili tu, jirani kabisa, zimebonyezwa pamoja. Zilikwaruzana. Sijui kusema vinginevyo. Zilikaa pale zinakwaruzana, ndefu, mpaka ngozi ya kichwa ikanisisimka.

Nikajua moja kwa moja kilichotokea: kidole kimekosea kibao, na hasikii. Nusu saa ya kazi ya miaka ishirini, na mwisho wake umeharibika, na yeye peke yake ndiye asiyejua.

"Ukurasa wa mwisho?" akakatiza akauliza kutoka juu.

Nikainua fagio juu. "Mzuri, Madamu."

Mimi! Mtu ambaye nimegombana na wachungaji wawili kwa sababu ya besi! Nitaeleza kwa nini. Kambini Kigoma mama yangu aliugua masikio. Alikuwa sauti ya kwanza, ya kuongoza, na hakujua kwamba ameanza kupanda nje ya wimbo. Mwalimu wa kwaya alimwita mbele ya watu, kwa upole kabisa, akamwambia mama pumzika, utusaidie kufua sare. Alifua sare zile mpaka tulipopata ndege ya kuja huku. Hakuimba tena, hata jikoni, hata akiwa peke yake. Mimi nilikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakinong'ona kabla ya mwalimu kumwita. Basi nikiwa nimesimama na fagio langu niliona sare zile zote zimeanikwa, na mdomo ukasema mzuri.

Uongo ukishasemwa mara moja inabidi uulishe. Septemba yote nikainua fagio. Oktoba yote. Kila akifika ukurasa ule nasikia kioo kinatafunwa, nainua fagio upesi, naye akiliona anakomea hapo, hajafika mwisho. Nyumbani nilikuwa mkali bila sababu. Mke wangu akaniuliza kama mke mwenzake ameniudhi, na mara hii hakutania.

Nikajipa moyo na mpango. Siku yenyewe ya Novemba mimi ndiye ningesimama kando yake roshani, kufungua kurasa na kuvuta vifundo, kwa sababu mikono yake haitoshi. Nota zake za mistari siwezi kuzisoma, mimi nimesomea zile za herufi za kwaya, za do-re-mi. Kwa hiyo alinitia alama za penseli nyekundu: namba ya kifundo, na mshale. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na namba moja tu, thelathini na moja, safu ya mabomba madogo kuliko yote. Nisipokivuta, hakuna sauti. Vidole vyake vitabonyeza kimya, watu watadhani ni mwisho wa utulivu, wa kumwachia Mungu, watapiga makofi. Mwenyekiti ataridhika. Kiti kitabaki chake. Na yeye hatajua, maana kwake vyote viwili ni kimya kilekile. Niliona nimeokoa kila mtu. Nilijisifu, kwa kweli.

Siku ikafika. Kanisa lilijaa kuliko Noeli. Wa Jumapili walikuja na kofia zao, na wetu wa Jumamosi wakaja pia, mke wangu mbele kabisa na kitenge kipya, kwa sababu nilikuwa nimetangaza kwamba mwenzao anapanda roshani. Joto nyuzi kumi na tisa, nililipima mara tatu. Mwenyekiti alikaa katikati na baraza lake, miguu wamekunja, mikono wamekunja.

Akacheza. Mimi si mtu wa machozi, lakini yule bibi alikuwa anaruka kwenye lile benchi kama msichana anayeruka kamba, visigino vya baba yake vinakimbia chini huku na huko, na mimi nafungua kurasa, navuta, nasukuma, jasho limenishika mgongoni. Hakukosea hata mahali pamoja. Nilimwona mwenyekiti kwenye kioo. Alikuwa amekunjua mikono.

Tukafika ukurasa wa mwisho. Kila kitu kikanyamaza. Akaweka vidole viwili vya mkono wa kulia kwenye vibao vyake, akabonyeza, akangoja mkono wangu.

Mkono wangu sikuuinua.

Kitu nilichosahau katika mpango wangu wote ule wa akili nyingi ni kwamba masikio yake ndiyo yaliyochoka, macho yake hayakuwa na kasoro. Akakitazama kifundo cha thelathini na moja, kimelala ndani ya ukuta. Akanitazama mimi. Nikaona anaelewa, moja baada ya jingine: kifundo, fagio juu, Agosti, Septemba, Oktoba. Sijawahi kuona aibu namna ile.

"Mesye," akasema, chini kabisa. "Vuta."

Nikatikisa kichwa. Nilikuwa namwomba kwa macho: acha hivi, Madamu, inatosha, umeshashinda.

Akainua mkono wa kushoto akakivuta mwenyewe.

Ikatoka. Ndani ya kanisa lililojaa watu ilikuwa mbaya mara kumi kuliko nilivyoizoea. Nota mbili zinakwaruzana juu ya vichwa vya watu. Kwenye kioo niliona mwenyekiti amekunja uso, na mke wangu, Mungu amsamehe, ameziba masikio kwa kitenge kipya. Madamu hakuondoa vidole. Alikaa palepale, mgongo umenyooka, akihesabu kwa midomo. Nilitamani sakafu ipasuke.

Kisha akafika pale ambapo fagio langu lilikuwa linamkatiza kila mara: akainua kidole kimoja. Nota moja ikaondoka, ikabaki moja, peke yake, nyembamba na safi. Na hapo nikaitambua. Ilikuwa lile bomba la mwezi wa tano. Nota ileile niliyomwimbia kwa koo langu la teno, na yeye akaitafuta kibao kwa kibao mpaka nikamwambia hiyo. Hakuna kidole kilichokosea. Ile penseli, siku ile, ilikuwa imeandika hili.

Akaiachia. Nikasikia hita ikiguna. Kisha makofi yakaanza upande wa akina mama wa kwetu, ambao hawajui kupiga makofi kidogo, yakasambaa. Yeye hakugeuka kuwatazama. Alinishika mkono wa shati.

"Sasa niambie kweli. Ilikuwaje?"

"Mbaya, Madamu," nikasema. "Mbaya sana. Watu wameziba masikio."

"Kama mtu anatafuna kioo?"

"Hivyohivyo. Hasa hivyo."

Akafumba macho. "Basi niliisikia," akasema.

Nililia pale, mbele ya mabomba yote, na siombi radhi.

Alishuka ngazi mbele yangu, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti kabla hajafungua mdomo wake wa sukari. Akamwambia kwamba safu za juu hazisikii, tangu miaka minne, na ya mwisho ile hajaisikia hata leo. Mwenyekiti akamuuliza basi amejuaje kuiandika. Akanielekezea kidole. "Muulizeni yeye kama nimekosea."

Wote wakanigeukia, baraza zima, kwa mara ya kwanza tangu waniajiri.

"Hajakosea," nikasema. "Mimi ndiye niliyekosea."

Kiti alikiacha mwenyewe, Januari. Yule kijana anacheza vizuri, si haba, ila anavaa raba. Maboksi ya ndizi yamehamia kwenye chumba changu cha mafagio, pakavu, juu ya rafu, na binti yangu anayapiga picha ukurasa kwa ukurasa, akinung'unika kwa Kiingereza. Siku hizi Madamu anakuja ibada yetu ya Jumamosi. Maneno ya nyimbo hayaelewi, na akina mama wameshindwa kumfundisha kupiga makofi kwa wakati. Anakaa mstari wa teno, kando yangu, koti lake limefungwa mpaka shingoni. Sauti ya kwanza wakianza kupanda kule ambako hawafikii, anainamisha kichwa upande wangu na kuuliza wanafanya nini sasa. Namwambia. Mke wangu anageuka na lile jicho lake, kwa sababu nasema kwa sauti, na nasema kila kitu.